Wamejuaje kwamba ni poloni?

SWALI: Mtaalamu, hujambo? Binti yangu anaishi Soweto na ana mimba ya miezi mitano. Nimemkataza kula poloni, ile soseji nene ya pinki, kwa sababu mwaka 2018 ilisemekana imeua watu huko. Baba yake ananicheka. Anasema bakteria hawana vitambulisho, sasa nani anaweza kumuunganisha mgonjwa wa Cape Town na kiwanda cha Polokwane? Tuamulie.
– Mama wa watatu, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Shikamoo mama. Umeshinda wewe, ingawa mzee naye ana hoja, maana jambo hilo liliwasumbua hata wataalamu wa Afrika Kusini kwa miezi kadhaa.

Bakteria aliyeleta maradhi yale anaitwa listeria, na anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla mtu hajaugua. Hebu muulize mzee alikula nini Jumanne moja miezi miwili iliyopita! Kwa hiyo kuwahoji wagonjwa peke yake hakukutosha. Taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, Johannesburg, ikakusanya bakteria waliooteshwa kutoka kwenye damu na maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, ikasoma vinasaba vyao. Listeria mmoja ana herufi za vinasaba karibu milioni 3. Wakiwa wametoka chanzo kimoja, wanapishana herufi chache tu. Akina Juma mtaani kwenu ni wengi, mama, lakini aliyeiba kuku ni mmoja. Takriban wagonjwa tisa kati ya kila kumi ambao bakteria wao walisomwa walikuwa na ukoo uleule, ST6, ingawa walitoka mikoa mbalimbali.

Hapo sasa, na nasema haya nikiwa mtu wa maabara, watu tunaopenda kujisifu, mashine zilikuwa bado hazijui ni chakula gani. Januari 2018 watoto wa chekechea moja ya Soweto walifikishwa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Daktari akahisi ni chakula. Maofisa wa afya wakaenda chekechea, wakafungua friji, wakachukua poloni iliyokuwemo. Ikakutwa na listeria. Wakaifuata hadi kiwandani Polokwane, wakapangusa sehemu mbalimbali kwa pamba za vipimo, wakaotesha: ST6. Tarehe 4 Machi Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza kwamba chanzo ni kiwanda hicho. Kiwanda kingine nacho kilikutwa na listeria, ila si wa ukoo ule; bila vinasaba kingebebeshwa vifo visivyo vyake.

Waliothibitishwa kuugua ni 1,060, na zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Mama mjamzito anaweza kuona homa ndogo tu, kumbe bakteria wameshamfikia mtoto tumboni.

Mlipuko ule ulitangazwa kumalizika Septemba 2018, lakini listeria bado wapo, na friji haiwazuii. Wanaongezeka taratibu humohumo kwenye baridi. Moto ndio unaowaua. Binti akiitamani sana poloni, aikaange mpaka ndani itoe mvuke, asiile ikiwa baridi kwenye mkate. Na akipata homa asingoje tarehe yake ya kliniki, aende siku hiyohiyo.