Maswali na Majibu: Nani Alipiga Gitaa Hapo?

John Frusciante alianzisha Red Hot Chili Peppers mwaka gani? (Msomaji, Tanga)

Hakuianzisha. Swali hili linarudi kila mara, na jibu limechapishwa kwenye majalada ya albamu zao. Bendi hii ya roki ya Marekani ilizaliwa Los Angeles mwishoni mwa 1982 au mwanzoni mwa 1983, gitaa likiwa mikononi mwa Hillel Slovak, mzaliwa wa Haifa, Israeli. Heroini ilimuua Juni 1988, akiwa na miaka 26. Akapita kwa muda mfupi DeWayne McKnight (huyu hamumuulizii kabisa), aliyetoka kwenye kundi la mwanamuziki wa funk George Clinton, ndipo akaingia Frusciante, kijana wa miaka 18.

Kwa hiyo albamu ya kwanza, ya 1984, kapiga Slovak? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, na hapa ndipo panaponiuma. Slovak na mpiga ngoma Jack Irons walikuwa pia kwenye bendi ya What Is This, wakachagua mkataba wa huko. Aliyepiga albamu ile ni Jack Sherman, akaenda nao ziarani, kisha akaondolewa na Slovak akarudi. Hata hivyo jina la Sherman limo kati ya watunzi wa baadhi ya nyimbo za Freaky Styley, albamu ya pili, ya 1985.

Mwaka 2012 bendi iliingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki huko Marekani. Mpiga gitaa Josh Klinghoffer, aliyejiunga mwaka 2009, alihesabiwa. Sherman hakuhesabiwa, wala Dave Navarro aliyepiga gitaa kwenye albamu yao One Hot Minute ya 1995. Sherman alilalamika hadharani, na alikuwa na haki. Alifariki Agosti 2020 bila kurekebishiwa. Nanyi vijana wenye bendi, andikeni nani katunga nini siku hiyohiyo mnayorekodi, msingoje mpaka mgombane.

Solo ya Maggot Brain kapiga George Clinton mwenyewe? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Clinton ni mwimbaji na kiongozi wa Funkadelic, kundi la funk la Marekani lenye wimbo huo. Solo ile ya takriban dakika kumi, ya mwaka 1971, ni ya Eddie Hazel. Clinton amesimulia kwamba alimwambia apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Kisha, wakati wa kuchanganya sauti, akawashusha wapigaji wengine karibu wote. Vaeni spika za masikioni mlisikilize gitaa la pili linalopiga noti za kodi (yaani chord) moja moja kule chini, maana bila hilo solo haina pa kusimama. Hazel alipofungwa jela katikati ya miaka ya 1970, nafasi ikachukuliwa na Michael Hampton, kijana wa Cleveland. Albamu pekee ya Hazel kwa jina lake mwenyewe iliyotoka akiwa hai ni ya 1977. Alifariki Desemba 1992, akiwa na miaka 42.

Jimmy Nolen wa James Brown alitumia pedali gani kupata ile milio mikavu? (Msomaji, Nairobi)

Mikono yake, si pedali, yaani kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa. Wa kushoto unakandamiza nyuzi kidogo tu kisha unaziachia upesi, wa kulia unakwangua haraka karibu na daraja la gitaa. Acheni kununua vifaa, fanyeni mazoezi.

Nani bora kuliko wote? (Wengi)

Sijibu.

Ni kweli Hendrix aliishi kwa akina Isley? (Msomaji, Bujumbura)

Kweli, huko New Jersey, alipokuwa akiwapigia gitaa Isley Brothers, kundi la ndugu hao, miaka ya 1964 na 1965. Ernie Isley, mdogo wao, alikuwa mtoto nyumbani humo. Lakini msimfanye kivuli cha Hendrix: besi ya It's Your Thing ya 1969 ni yake, na gitaa la That Lady ya 1973 ni lake pia.