Mbona operesheni yangu si kama ya mama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni wa bodaboda, nabeba mizigo kutoka soko la Kongowea. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafunga gunia la viazi kwa mpira wa chubu, ukanichomoka mkononi ukanitandika jicho la kulia. Damu ilijaa mbele ya mboni, ikaisha baada ya siku kama kumi. Sasa ukungu umetanda, na taa za magari usiku naziona mbili mbili. Nimeambiwa ni mtoto wa jicho na lenzi imelegea. Mama yangu alifanyiwa hiyo hiyo, asubuhi akaingia, jioni yuko nyumbani anakuna nazi. Mimi naambiwa huenda ikapita saa nzima, na kushonwa juu. Na hiyo lenzi ya plastiki wanayotia haiozi ndani?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Mipira ya chubu imeniletea wagonjwa wengi kuliko mawe.

Wewe na mama mna ugonjwa wa jina moja tu. Lenzi yake ilizeeka, lakini ilikuwa imetulia mahali pake. Lenzi haielei jichoni. Imetundikwa kwa nyuzi nyembamba mno pande zote, kama kitanda cha kamba cha bibi. Mpira ulipokupiga, jicho lilibonyea mbele likatanuka mbavuni, kama chungwa lililokanyagwa, na nyuzi za upande mmoja zikakatika. Mgonjwa kama wewe nikimkalisha kwenye mashine nikamwambia, "Tazama kushoto, haya nitazame mimi," naiona lenzi ikitikisika kama jeli kwenye sahani.

Kwa mama, daktari alifyonza lenzi iliyochakaa, akaacha kifuko chake, akatia mpya mle mle. Chako kifuko chenyewe kinaning'inia. Kikivutwa vibaya chaweza kuzama nyuma ya jicho. Nyuzi zilizokatika zikiwa chache, hutiwa pete nyembamba ya plastiki ya kukitanua. Zikiwa nyingi, kifuko hutolewa na lenzi mpya yaweza kushonwa kwenye ukuta mweupe wa jicho, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Na ute wa nyuma ukiwa umechungulia mbele, sharti ukatwe na kufyonzwa, usije ukaivuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ndiyo hiyo saa yako. Mimi ningemwogopa yule anayekuahidi dakika ishirini.

Plastiki haiozi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, daktari Harold Ridley wa London aliona vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyachoma. Mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Kwa hiyo hata ya mama yako asili yake ni macho yaliyoumia.

Ila presha ya jicho usiisahau. Pigo la namna hiyo huweza kuharibu njia ya kutolea maji ya jicho, na presha ikapanda miaka mingi baadaye bila maumivu. Ipimwe kila mwaka, hata baada ya operesheni. Ukiona vimulimuli au kama pazia jeusi linashuka, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupasuliwa, retina ikaguliwe. Ukungu ukizuia, kuna kipimo cha ultrasaundi. Utatiwa dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona kiwi. Pikipiki iache nyumbani, panda matatu.