Mbwa analia usiku kucha: mulika nyayo zake kwanza

SWALI: Salaam daktari. Nina mbwa dume wa kienyeji, miaka minne, tunamwita Bobi. Ndiye mlinzi wetu hapa Muyeye, Malindi, na miaka yote hakuwa na shida. Sasa hii ni wiki ya tatu: ikifika saa nne usiku anaanza kulialia, anazunguka, akijilaza kidogo anainuka tena, hivyo hivyo hadi adhana ya alfajiri. Mchana analala na kujilamba miguu. Chakula anakula vizuri. Anapolala ni nyuma ya jiko la makuti, karibu na banda la mbuzi. Majirani wamelalamika mpaka naona haya kupita mlangoni kwao. Nimeshauriwa nimpe nusu kidonge cha usingizi. Nifanyeje?

JIBU: Dada, pole kwa kukesha, na pole kwa Bobi. Kidonge hicho usimpe. Kitamnyamazisha, lakini kinachomliza kitabaki pale pale.

Kuna neno umelitaja kwa haraka, nami ndilo lililonisimamisha: anajilamba miguu. Mbwa mzima wa miaka minne, anayekula, aliyezoea nyumba, halafu analala kwenye mchanga mkavu wenye kivuli msimu huu wa kaskazi. Kwa pwani yetu, kabla sijafikiria jambo jingine, nafikiria funza.

Wengi tunamjua funza kwa miguu ya watoto, tunasahau kwamba mbwa naye anamchukua, tena kwa wingi. Funza jike anajichimbia kwenye ngozi laini kati ya vidole au pembeni ya ule mto wa unyayo. Humo ndani anavimba kwa mayai, na kwa wiki moja hivi anafikia ukubwa wa punje ya choroko au zaidi. Mwasho wake ni mkali, na usiku ndipo unapozidi. Hata mtu mzima mwenye funza atakuambia halali. Mchana Bobi ana watu, ana kelele na mbuzi wa kumshughulisha. Usiku anabaki na nyayo zake.

Basi leo usiku, akianza tu, mwendee na tochi. Mtu anayemzoea amshike kichwa kwa upole, na kama anaumwa sana mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa dakika chache, maana hata mbwa mpole akiguswa penye maumivu anaweza kuuma. Safisha mchanga kwa maji, kisha vitanue vidole kimoja kimoja. Unachotafuta ni kivimbe cheupe au cha manjano chenye kitone cheusi katikati, mfano wa jicho la samaki. Kitone hicho ni mkia wa funza. Anapumulia hapo na kutolea mayai hapo. Ukiona pia ngozi iliyochubuka, manyoya yaliyogeuka rangi ya kutu kwa mate, au kucha zilizorefuka kwa sababu haukanyagi mguu sawasawa, umepata jibu.

Ukishawaona, acha mwiba wa ndimu na acha pini. Najua ndivyo tulivyotolewa sisi utotoni. Kwa mbwa anayerukaruka gizani funza anapasuka ndani, kidonda kinaoza, na kutoka hapo mguu mzima unavimba. Osha nyayo kwa maji na sabuni, kausha, upake mafuta ya dimetikoni kwenye kila kivimbe. Yanamziba pumzi na anafia humo, kisha ngozi inamtoa yenyewe taratibu. Mzuie asilambe kwa muda. Kama funza ni wengi, mlete apimwe uzito apate kidonge cha kutafuna cha fluralana, kinachoua funza, viroboto na kupe kwa pamoja. Zile dawa za matone za kudondoshea kwenye ngozi zenye pemethrini, sumu ya wadudu, zinafaa kwa mbwa, lakini zinaua paka. Na nyumba gani Malindi au Lamu haina paka anayelala pamoja na wengine?

Mguu ukipona na mchanga ukabaki vile vile, mwezi ujao utaniandikia tena. Mayai huanguka mchangani, yanaanguliwa kwa siku chache, na baada ya wiki tatu au nne funza wapya wako tayari. Kwa hiyo mhamishe Bobi alale kwenye sakafu ya saruji, au hata juu ya mbao zilizoinuliwa. Pale nyuma ya jiko pafagie, pamwagie maji kila siku, na upulizie dawa ya viroboto. Tazama miguu ya mbuzi. Tazama zaidi miguu ya watoto, kwa sababu mchanga ni huo huo; mtoto mwenye funza apelekwe kituo cha afya, na aulizwe kama chanjo yake ya pepopunda iko sawa.

Na kama nyayo ni safi? Nusa masikio: harufu mbaya na kutikisa kichwa ni ugonjwa wa sikio. Pekua shingoni na kwapani utafute kupe, na uangalie ufizi; ufizi mweupe unataka kipimo cha damu haraka. Kama kuna jike lililo kwenye joto jirani, dume atalia mpaka siku zake zipite, nazo ni kama wiki tatu. Mbwa mzee huchanganya usiku na mchana, lakini kwa miaka minne Bobi hajafika huko.

Usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Niliwahi kuletewa mbwa aliyepewa ibuprofeni siku tatu mfululizo na mwenyewe aliyempenda kwa dhati. Kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami, kwa damu ya tumboni. Hatukuweza kumwokoa.

Mambo mawili hayasubiri asubuhi. La kwanza, tumbo likijaa na kuwa gumu kama ngoma huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu: hapo ni suala la saa chache, mpigie daktari muda huo huo. La pili ni kichaa cha mbwa. Sauti ikibadilika na kukwaruza, taya likalegea, mate yakamtoka na akashindwa kumeza, watu hudhani mfupa umekwama na kumtia mkono kooni. Usithubutu. Mfungie mahali peke yake, uite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Bobi kula anakula, na wiki tatu ni nyingi mno kwa kichaa, kwa hiyo silioni hilo kwake. Lakini hukuniambia kama amechanjwa. Chanjo ni ya kila mwaka.

Majirani waambie ukweli, kwamba mbwa ni mgonjwa na anatibiwa. Mwasho unapaswa kupungua ndani ya wiki moja. Ukiona bado, mrekodi kwa simu usiku mmoja, andika saa anazoanza na anazotulia, uje naye pamoja na video hiyo.