Nataka kusoma fizikia nje, wakala anataka milioni tatu

SWALI: Dada shikamoo. Nimemaliza bachela ya fizikia mwaka jana, GPA 4.1, darasani wasichana tulikuwa wa kuhesabika. Nataka masta nje, kuna wakala hapa mjini anasema nimpe milioni tatu anitafutie chuo Ulaya. Baba mdogo naye anasema fizikia ni ya wanaume, nitarudi mzee nikose mume. Nimechanganyikiwa. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela ya wakala usitoe, hata mia. Fizikia ni moja ya masomo ambayo ukiwa na matokeo kama yako unaweza kusoma bila kulipa, na maombi unajaza mwenyewe kwa simu.

Anza na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, kipo Trieste, Italia. Kilianzishwa 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia Mpakistani aliyekuja kupata tuzo ya Nobel 1979, kwa ajili ya watu kama wewe wanaotoka nchi zetu hizi. Wana diploma ya mwaka mmoja ya baada ya bachela, ipo tangu 1991, wanaokubaliwa wanafadhiliwa, na wengi wakitoka pale wanaenda PhD. Karibu zaidi kuna taasisi ya fizikia wanayoshirikiana nayo Kigali, EAIFR, ilianza 2018, masta ipo. Marekani watu wengi hawajui kwamba unaweza kuingia PhD ya fizikia moja kwa moja na bachela yako, unafundisha maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza na chuo kinakulipia ada na kukupa posho, wakati masta ya kulekule mara nyingi unajilipia mwenyewe. Baadaye ukitaka PhD hapahapa Afrika, mfano Afrika Kusini, angalia OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, wale ufadhili wao wa PhD ni wa wanawake tu.

Sasa baba mdogo. Mwanafizikia Marie Curie alitoka Poland kwenda Paris 1891 kwa sababu chuo cha Warsaw hakikupokea wanawake, yani naye alikuwa mwanafunzi wa kigeni, na 1903 akapata Nobel. Aliolewa hukohuko Ufaransa na watoto akapata. Maria Goeppert Mayer, mwanafizikia mwingine, alifanya kazi miaka mingi vyuoni bila mshahara kwa vile mume wake ni profesa palepale na vyuo havikutaka kuajiri mke na mume pamoja, akaja kupata Nobel 1963. Mpaka 2023 wanawake wenye Nobel ya fizikia walikuwa watano tu, na mi nikisoma historia hizo naona milango ilivyofungwa, suala la akili silioni kabisa. Ila usibishane naye wewe, mtafute shangazi anayesikilizwa pale nyumbani aongee kwa niaba yako.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ukishafika. Viza yako inategemea uendelee kuwa mwanafunzi, posho mara nyingi inatoka kwa msimamizi, yaani profesa wako, kwa hiyo akikunyanyasa au akikutaka kimapenzi unaogopa kusema maana unaona utarudishwa nyumbani, na upo mwanamke peke yako kwenye grupu, mgeni, hujui hata ofisi ya malalamiko iko wapi. Wasichana wanaumia kimyakimya kwa hili. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi waandikie wanafunzi wawili watatu wa huyo profesa, hasa wanawake na wageni, waulize anawatendeaje watu, wangapi wameacha katikati, na aliyepata ujauzito alipewa likizo au ilikuwaje. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka ogopa. Uliza pia kama kuna msimamizi wa pili, na kukitokea kitu chochote hifadhi meseji na tarehe.

Barua za lekcha za kukupendekeza chuoni anza kuziomba wiki hii. Mtafute aliyekusimamia projekti, mkuu wa idara asiyekufahamu atakuandikia mistari minne tu, na mpe transikripti yako na tarehe ya mwisho, halafu mkumbushe, wana kazi nyingi wale.