Kubisha hodi kwenye seva: maswali yenu kuhusu connect()

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: prosesi moja (programu inayoendeshwa) inaita connect() ili kuunganika na nyingine kupitia soketi, yaani ncha ya muunganisho, na kitu kinakwama njiani. Mifano ni ya Linux na lugha ya C.

Programu yangu inapata ECONNREFUSED (muunganisho umekataliwa) papo hapo. Ya mwenzangu inaganda zaidi ya dakika mbili ndipo inakata tamaa. Si seva zote mbili zimezimwa tu?

La, na tofauti hiyo ishike vizuri. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida mashine ya upande wa pili iko hai na imekujibu: pakiti yako ya SYN (ombi la kuunganika) imefika, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya kule ikatazama poti (namba ya mlango) uliyoitaja, haikukuta prosesi inayoisikiliza, ikakurudishia RST, pakiti ya kukataa. Mara chache ni fayawali iliyopangwa kukataa waziwazi. Basi usihangaike na nyaya. Endesha `ss -ltn` kwenye seva uone kama poti inasikilizwa, na kwa anwani ipi. Seva iliyojifunga kwenye 127.0.0.1, anwani ya ndani ya mashine yenyewe, haimsikii mtu wa nje.

Mwenzako amebisha hodi, hakuna aliyeitika. Huenda mashine haipo, au fayawali inameza pakiti kimya kimya. Linux ya kabla ya toleo 6.5, ikiwa na mipangilio yake ya kawaida, hurudia SYN mara 6, na kila mara husubiri maradufu: sekunde 1, 2, 4, 8, 16, 32, mwisho 64. Jumlisha, unapata 127. Hapo ndipo ETIMEDOUT (muda umekwisha) hutokea.

connect() imerudisha 0, write() nayo imekubali data yangu yote, lakini seva haikuandika chochote kwenye kumbukumbu zake za matukio (logi). Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mimi mwenyewe lilinilia siku mbili nzima nilipokuwa naanza kazi hii.

Watu wengi wanaamini kwamba connect() ikifaulu, ile programu ya upande wa pili imekupokea. Sivyo. Waliopeana mikono ni kerneli mbili: SYN, SYN-ACK (jibu), ACK (uthibitisho), basi. Seva ikishaita listen(), kerneli yake inamaliza hatua zote tatu yenyewe, kisha inauweka muunganisho kwenye foleni ukisubiri programu iuchukue kwa accept(). Prosesi inaweza kuwa imelala, imekwama kwenye kufuli, au inashughulika na hifadhidata. Wewe utaona 0. Data unayoandika nayo inapokelewa na kerneli ile ile na kukaa kwenye bafa (hifadhi ya muda).

Jaribu kwa mkono wako. Andika seva yenye socket(), bind(), listen(), halafu sleep(60), bila accept() hata moja. Unganika nayo, tuma neno "habari". Kila kitu kitafaulu. Wakati huo endesha `ss -ltn`: kwenye mstari wa poti yako, safu ya Recv-Q itaonyesha 1. Huyo ni wewe, umesimama kwenye foleni.

Urefu wa foleni unatokana na namba unayoipa listen(), lakini hauvuki somaxconn (kikomo cha mfumo), ambayo tangu Linux 5.4 ni 4096. Kabla yake ilikuwa 128. Kwa hiyo kama unahitaji kujua kwamba ujumbe umeshughulikiwa, itifaki yako lazima iwe na jibu kutoka kwa programu yenyewe, na usomaji wako uwe na kikomo cha muda. Kikomo cha connect() peke yake hakikulindi.

Soketi yangu nimeiweka isisubiri (non-blocking), sasa kila connect() inarudisha -1.

Tazama errno (namba ya kosa). Ikiwa EINPROGRESS (bado inaendelea), hujakosea: hodi imeshabishwa. Subiri kwa poll() ukiomba POLLOUT (soketi iko tayari kuandikiwa). Ila POLLOUT huja hata muunganisho ukishindikana, kwa hiyo lazima uulize getsockopt() kwa SO_ERROR (kosa la soketi). Ikikupa 0, endelea. Ikikupa kingine, funga soketi hiyo ufungue mpya. Usiitumie tena ile iliyoshindwa.

Na kama soketi yako ni ya kusubiri, kisha signali ikaikatiza connect() ukapata EINTR, tafadhali usiiite tena kwenye kitanzi kama unavyofanya kwa read(). Muunganisho unaendelea chini kwa chini. Subiri kwa poll() vilevile.

Nimeandika poti 8080, tcpdump (programu ya kutazama pakiti) inaonyesha 36895!

Umesahau htons(), inayopanga baiti za namba kwa utaratibu wa mtandao. 8080 ni 0x1F90. Baiti zake zikigeuzwa zinakuwa 0x901F, nayo ni 36895.

Prosesi zangu mbili ziko kwenye mashine moja. TCP (itifaki ya mtandao tuliyotumia hadi sasa) ya nini?

Mara nyingi huihitaji. Tumia soketi ya Unix, AF_UNIX: anwani yake ni njia ya faili, na Linux inakupa baiti 108 tu za kuiandika. Unadhibiti anayeingia kwa ruhusa za faili, na kwa SO_PEERCRED seva inajua PID (namba ya prosesi) na UID (namba ya mtumiaji) ya aliyebisha. Angalizo moja: seva ikifa ghafla, faili lake linabaki. Mteja atapata ECONNREFUSED, na seva mpya itapata EADDRINUSE (anwani inatumika) kwenye bind() hadi faili lile lifutwe.

Nikipima mzigo mkubwa kwenda seva moja, baada ya muda connect() inatoa EADDRNOTAVAIL (anwani haipatikani).

Umemaliza poti za upande wako. Linux huzichukua kati ya 32768 na 60999, yaani 28,232 kwa kila anwani na poti unayoiendea. Anayefunga kwanza ndiye anayebaki na TIME_WAIT, hali ya kushikilia poti baada ya kufunga, sekunde 60. Ukigawanya, miunganisho kama 470 kwa sekunde inatosha kukufikisha ukingoni. Usikimbilie kupanua masafa ya poti. Acha kufungua na kufunga kwa kila ombi: weka miunganisho michache hai uitumie tena na tena, na hata zile hatua tatu za kupeana mikono utakuwa umeziepuka.