Kabla ya kuieleza Bima ya Afya kwa Wote kwenye kikao cha mtaa

Usianze na vifungu vya sheria. Anza na dirisha la dawa, maana hasira nyingi huzaliwa pale: mama ameshika kadi, anaambiwa akanunue nje. Akifika nyumbani bima imeshakuwa utapeli.

Muulize aliambiwa nini hasa. "Haipo kwenye bima" maana yake dawa haimo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo bima inalipia, au hairuhusiwi kwa ngazi ya kituo kile. Zahanati haitoi kila kinachotolewa hospitali kubwa kama Amana au Temeke. "Imeisha" ni jambo jingine kabisa. Huo ni upungufu wa kituo, na lalamiko lake linaanzia kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, siku hiyo hiyo, si kwa Bunge la Tanzania lililopitisha sheria ya bima hii Novemba 2023. Hata Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ugomvi ulikuwa wa bei za kitita kipya.

Swali gumu ni hili: kwa nini nilipe nami siumwi? Hapa chukua karatasi. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Watoto 100 wanaleta 5,040,000. Tuseme 10 wanalazwa, kila mmoja kwa 500,000: zinabaki 40,000. Sasa wazazi wa watoto 40 wazima wasilipe. Makusanyo yanashuka hadi 3,024,000, na gharama ya matibabu iko palepale. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa, wazazi walikasirika, na walikuwa na haki: aliyekuwa na mtoto mgonjwa alibaki hana pa kushika. Liseme hilo wazi kabla ya kuonyesha hesabu, la sivyo hawatakusikiliza.

Akisimama mtu na sauti ya WhatsApp kwamba kila Mtanzania atakatwa, mwulize anakatwa kwenye nini. Mtumishi wa umma hutoa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye 3. Muuza mboga wa Tandale hana mshahara wa kukatwa. Kiwango usichokuwa nacho kwa maandishi usikitaje. Kikibadilika, wewe ndiye utakayeitwa mwongo.

Nenda na daftari. Andika kituo, tarehe, jina la dawa na maneno yaliyosemwa dirishani. Ukimpelekea mganga mfawidhi "Jumanne, amoksilini ya maji, imeisha", atafungua leja ya stoo aangalie. Ukimpelekea "bima haifai", hana ukurasa wa kufungua.