Umeletewa samansi ya deni: siku 21 zako zimeshaanza

Pole ndugu yangu wa Mafinga. Umeuliza kama unaweza kukaa kimya, kwa kuwa aliyekushtaki ni mkusanya madeni, siyo aliyekukopesha pembejeo. Usikae kimya.

Kama shauri liko Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, una siku 21 tangu ulipopokea samansi kuwasilisha utetezi wa maandishi. Andika tarehe ya kupokea kwenye nakala yako leo hii. Zikipita, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, kisha unaletewa dalali wa mahakama, anayekamata mali na kuiuza kulipa deni. Mahakama ya Mwanzo haina utetezi wa maandishi. Unajibu kwa mdomo siku uliyopangiwa.

Hati ya madai ina aya zenye namba. Jibu kila aya: unakubali au unakanusha. Wengi huharibu hapa kwa kuandika "si kweli" tu, na kanusho la juujuu huhesabiwa kuwa umekubali. Aya ikisema unadaiwa 3,200,000, andika: "Mdaiwa anakanusha. Alikopa 2,000,000, akalipa 1,400,000, stakabadhi zimeambatishwa." Mkusanya madeni naye mtake athibitishe kwa maandishi kwamba deni alihamishiwa.

Angalia pia umri wa deni. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, yaani yakipita muda huo hayafunguliwi tena mahakamani, ila malipo kidogo au barua yako ya kukiri deni ndani ya muda huo huanzisha hesabu upya. Kwa hiyo usitume hata elfu kumi ya "kumtuliza" kabla hujaonana na wakili au msaidizi wa kisheria.